Tone la damu kwenye kiatu: je, ushahidi wa kimazingira ni dhaifu?

Swali: Mtaalamu, salaam. Nimekuwa nikifuatilia kesi moja ya mauaji. Hakuna aliyeona tukio. Mshtakiwa ametiwa hatiani kwa mambo matatu: tone la damu ya marehemu lililokutwa kwenye kiatu chake, simu yake kusoma mnara ulio karibu na eneo la tukio, na mashahidi wawili waliosema kwamba yeye na marehemu waligombana siku iliyotangulia. Wakili wake analalamika kuwa huo ni “ushahidi wa kimazingira tu”. Naomba unifafanulie aina za ushahidi, na upi una nguvu kuliko mwingine. Halafu, kweli mtu anaweza kufungwa bila shahidi hata mmoja aliyeona?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ndiyo, mtu anaweza kutiwa hatiani bila kuwapo aliyeona kwa macho, na mahakama hufanya hivyo mara kwa mara. Muuaji hatumi kadi za mwaliko. Sheria ingekuwa inadai shahidi wa macho katika kila kesi, mwovu angesubiri tu giza liingie.

Kilichonifanya nikae niandike kirefu ni lile neno “tu” la wakili. Ndani yake mna imani kwamba ushahidi umepangwa kwa ngazi: juu kabisa aliyeona, chini yake aliyekiri, chini zaidi damu na alama za vidole, na mwisho kabisa hayo “ya kimazingira”. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, nimepanda kizimba cha mashahidi mara nyingi, na ngazi hiyo sijapata kuiona. Ninachokiona ni kwamba kila kielelezo hujibu swali moja dogo, na karibu kila mara swali hilo ni dogo kuliko lile ambalo mahakama inataka lijibiwe. Damu inaweza kusema ni ya nani. Nani alishika rungu, hilo haisemi. Kesi nyingi zilizoharibika ambazo nimezisoma au kuzishuhudia ziliharibika pale mtu alipochukua jibu la swali dogo akalibandika kwenye swali kubwa.

Tuanze na mgawanyo wa wanasheria, maana ndio anaousemea wakili huyo. Ushahidi wa moja kwa moja ni ule ambao, ukishauamini, hukuachii kazi nyingine: “Nilimwona akimchoma kisu.” Ushahidi wa kimazingira unakutaka upige hatua moja zaidi ya akili. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu si mvua, hilo ni kweli. Lakini ukiona mawingu, ukasikia ngurumo, ukanusa udongo uliolowa, kisha mtu akaingia ndani nguo zikimchuruzika maji, hutamngoja shahidi aje akuapie kwamba nje kunanyesha. Kwa maana hiyo, karibu kila kitu kinachotoka maabara ni ushahidi wa kimazingira: DNA, alama za vidole, ganda la risasi. Wakili anayesema “kimazingira tu” anaidharau maabara nzima, na nadhani hakukusudia hivyo.

(Kuna fungu jingine, maneno ya kusikia, ambalo mtaani lina heshima na mahakamani kwa kawaida halina. “Lisemwalo lipo” ni methali nzuri ya barazani. Hakimu hawezi kuitumia, kwa sababu aliyesema hayupo pale aulizwe alijuaje.)

Mwaka 1866 jaji mmoja wa Uingereza aitwaye Pollock alisema watu hukosea wanapoufananisha ushahidi wa kimazingira na mnyororo, ambao pete moja ikikatika wote umekwisha. Alisema unafanana zaidi na kamba: uzi mmoja haubebi mzigo, lakini nyuzi tatu zikisokotwa pamoja huenda zikaubeba. Naipenda tamathali hiyo, ila ina sharti ambalo husahaulika: nyuzi ziwe tatu kweli. Hao mashahidi wawili wa ugomvi, je, wote walikuwapo? Au mmoja alikuwapo na wa pili akasimuliwa jioni, na kufikia siku ya kesi masimulizi yakawa kumbukumbu? Kama ni hivyo, hapo pana uzi mmoja uliokunjwa mara mbili.

Sasa huyo shahidi wa macho anayetamaniwa. Kumbukumbu ya binadamu huhifadhi vipande, na kila tunapokumbuka tunavishona upya, pengine kwa uzi tuliopewa na mtu mwingine. Mweke shahidi mbele ya picha sita, na picha hizo azishike askari anayejua mshukiwa ni yupi. Askari wala hahitaji kusema neno. Akikawia kidogo kwenye picha ya nne, akivuta pumzi, imetosha. Shahidi akisha kuchagua na kuambiwa “vizuri sana”, ile “nadhani ni huyu” ya asubuhi inageuka “ni huyu, siwezi kumsahau” atakapofika mahakamani, na wala hasemi uongo. Ndiyo maana utaratibu mzuri wa gwaride la utambuzi hutaka anayelisimamia asimjue mshukiwa. Huko Marekani, katika kesi ambazo wafungwa waliachiwa huru baada ya DNA kupimwa upya, kutambuliwa kimakosa na mashahidi ndiko kulikojitokeza mara nyingi kuliko sababu nyingine yoyote.

Na kukiri? Watu wengi huuliza: nani akiri kosa ambalo hakulitenda? Jibu limo katika kesi ile ile iliyoiingiza DNA katika upelelezi wa mauaji. Mwaka 1983 msichana wa miaka 15 aliuawa kijijini Narborough, katika jimbo la Leicestershire nchini Uingereza. Mwaka 1986 msichana mwingine wa umri huo aliuawa karibu na hapo. Polisi walimkamata kijana wa miaka 17, naye akakiri mauaji ya pili. Wakaenda kwa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyekuwa amegundua mwaka 1984 jinsi ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba vyao, wakitaka awathibitishie kwamba kijana huyo alifanya na lile la kwanza. Majibu yaliyorudi yalisema mauaji yote mawili ni ya mtu mmoja, na mtu huyo si kijana aliyekiri.

Kilichofuata ni kizuri zaidi, na sijui kwa nini hakisimuliwi mara nyingi. Polisi walikusanya damu na mate ya wanaume wapatao 5,000 wa eneo lile. Hakuna aliyelingana. Mhusika, Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Alikamatwa mwaka 1987 baada ya mwenzake huyo kuropoka baani na mtu mmoja kumsikia na hatimaye kutoa taarifa. Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Basi angalia mtiririko wenyewe. Sayansi ilimwondoa asiyehusika, mdomo wa mlevi ukamleta mhusika, kisha sayansi ikarudi kuhakikisha. Na lile zoezi la watu 5,000 lilikwama kwa sababu maabara ilijibu swali lake dogo kwa usahihi kabisa: damu iliyomo kwenye kichupa hiki hailingani. Kama mwenye damu ndiye mwenye jina lililoandikwa kwenye kichupa, hilo maabara haikuulizwa.

Tukija kwenye vielelezo vyenyewe, yaani vitu vinavyoshikika, mzee wetu ni Edmond Locard, aliyefungua maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1910, katika vyumba viwili vya darini. Wazo lake hufupishwa hivi: kila mguso huacha alama. Ukiingia mahali unaacha kitu chako na unaondoka na kitu cha hapo, iwe nyuzi za nguo, vumbi, nywele, ute, chavua za maua. Wazo ni sahihi. Hatari yake ni kwamba halichagui, maana mguso wa muuaji huacha alama sawasawa na mguso wa jirani aliyekuja kuazima sufuria.

Kwa hiyo mchunguzi akishika kielelezo, kwanza hujiuliza kama sifa anazoziona ni za kundi au za kitu kimoja pekee. Chapa ya kiatu iliyoachwa ardhini ikionyesha namba 42 na soli ya mistari ya mawimbi, hiyo ni sifa ya kundi. Viatu hivyo viliundwa maelfu, vimevaliwa na maelfu. Lakini soli ikiwa imeliwa zaidi upande wa nje wa kisigino, ikawa na mkato mfupi wa kigae katikati ya wimbi la tatu, na kijiwe kimekwama pale pale kilipokwama kwenye chapa ya matope, hapo tunaongea kuhusu kiatu kimoja. Sifa za kundi hutumika vizuri kuwaondoa watu kwenye orodha. Kumfunga mtu kwa sifa za kundi peke yake, mimi sikubali, na nimewahi kusema hivyo mbele ya waendesha mashtaka walionikasirikia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa namna swali dogo linavyokua ni wa Necochea, nchini Argentina, mwaka 1892. Watoto wawili waliuawa nyumbani kwao. Mama yao, Francisca Rojas, alimtaja jirani. Jirani akateswa na polisi, hakukiri. Inspekta Eduardo Álvarez, aliyefundishwa na Juan Vucetich kusoma alama za vidole, alirudi kwenye nyumba akakuta alama ya dole gumba kwenye mlango. Akaukata ule ubao akaondoka nao. Ikalingana na dole gumba la mama mwenyewe, naye alipoonyeshwa akakiri.

Sasa fikiri. Alama ya kidole cha mwenye nyumba kwenye mlango wa nyumba yake ina thamani gani? Haina. Ameugusa mlango huo mara elfu. Ila alama ile ilikuwa ya damu. Damu hubaki mbichi kwa muda mfupi, kwa hiyo kidole kilichoichapa kilikuwapo wakati watoto wanakufa au punde tu baadaye, na mama alikuwa amesema hakuwagusa. Kidole kilijibu “nani”, damu ikajibu “lini”, na maneno yake mwenyewe yakafunga mlango wa maelezo mengine. Ningeombwa nifundishe fani hii kwa kesi moja tu, ningechukua hiyo nikaacha mambo ya kompyuta.

Alama za vidole, hata hivyo, hulinganishwa na watu, na watu hukosea. Baada ya milipuko ya treni mjini Madrid mwezi Machi 2004, alama iliyokutwa kwenye mfuko wenye viwashio vya baruti ilifananishwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na ya wakili mmoja wa Oregon nchini humo. Zaidi ya mtaalamu mmoja walikubaliana. Akawekwa ndani wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipoonyesha kwamba alama ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. FBI iliomba radhi. Wa pili na wa tatu waliulizwa wakiwa wanajua wa kwanza amesema nini, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Nikurudishe kwenye kiatu chako, nikuonyeshe kinavyopokelewa. Kinafika ndani ya mfuko wa karatasi. Kikifika ndani ya nailoni, siku imeanza vibaya, kwani unyevunyevu ukifungiwa huota ukungu na bakteria wanakula DNA. Kabla sijagusa lakiri naipiga picha, naangalia kama saini ya aliyefunga imekatiza kwenye utepe na haijachanika, nasoma namba ya kielelezo kwa sauti na mwenzangu anaiangalia kwenye fomu. Mfuko naukata upande mwingine, ili lakiri ya kwanza ibaki ilivyo. Kiatu kinatua kwenye karatasi nyeupe safi, ili chochote kitakachodondoka nikione. Glavu nabadilisha. Kisha natazama tu, bila kugusa, kwa taa ya ubavuni na lenzi, dakika kumi au zaidi. Vijana wa mafunzo huchoshwa na hatua hii, na ndiyo inayotoa nusu ya majibu.

Doa la kahawia nyekundu si damu mpaka liwe limethibitishwa. Nasugua pembe ya doa kwa karatasi ya chujio iliyokunjwa, nadondoshea kemikali iitwayo fenolftalini, kisha nyingine, haidrojeni peroksaidi. Ikigeuka waridi ndani ya sekunde chache, huenda ni damu. Nimesema huenda. Baadhi ya mimea hugeuza rangi hiyo hiyo, na damu ya mbuzi haitofautiani hapo na ya mtu. Ukiiacha karatasi mezani kwa muda hugeuka waridi yenyewe kwa hewa tu, kwa hiyo jibu la baada ya dakika tano halihesabiwi. Luminoli, ile inayong’aa buluu gizani na kuwafurahisha watu kwenye filamu, ina tabia hiyo hiyo, maana humeta pia ikikutana na dawa ya kusafishia yenye klorini. Baada ya hapo kuna kipimo cha himoglobini ya binadamu, yaani ile protini ya damu, na mwisho kabisa DNA. Ripoti ikiishia kwenye hatua ya waridi halafu mahakamani mtu akasema “ilikuwa damu ya marehemu”, wakili wa utetezi amelala usingizi asipoinuka.

DNA yenyewe ni nzuri mno, na uzuri wake ndio unaowalevya watu. Benki ya DNA ya Marekani huangalia sehemu 20 za vinasaba tangu 2017. Zamani zilikuwa 13. Zikilingana zote, idadi inayotajwa mahakamani huwa kubwa hata haishikiki akilini. Lakini mara nyingi sampuli ni chakavu au imechanganyika na ya watu wengine, na nguvu inapungua sana. Tuseme imebaki nafasi moja katika milioni moja. Mwendesha mashtaka anasimama na kusema, “Kwa hiyo kuna nafasi moja tu katika milioni kwamba mshtakiwa hana hatia.” Si kweli hata kidogo. Katika jiji la watu milioni tano, watu wapatao watano wangelingana. Ikiwa huna kingine cha kumtenga mshtakiwa na hao wanne, unachojua ni kwamba yumo katika kundi la watu watano. Ukiwa na ugomvi wa jana na simu, hao wanne huenda wakaondoka wote. Hapo ndipo kamba ya Pollock inaposokotwa.

Halafu DNA husafiri. Mwaka 2012 huko California mtu aliuawa nyumbani kwake, na chini ya kucha zake ikakutwa DNA ya mwanamume fulani asiye na makazi. Alishtakiwa kwa mauaji, akakaa mahabusu miezi kadhaa, mpaka rekodi za hospitali zilipoonyesha kwamba usiku ule alikuwa kitandani, amelewa chakari. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliompeleka hospitali ndio hao hao waliofika baadaye kwa marehemu, na maelezo yanayokubalika ni kwamba walimhamishia marehemu DNA ya mtu huyo, pengine kwa kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Maabara haikukosea. DNA ilikuwa yake, na swali la “ya nani” lilijibiwa sawasawa. La “ilifikaje” halikuulizwa kwa wakati.

Ujerumani walipata somo kali zaidi. Kwa miaka mingi DNA ya mwanamke mmoja asiyejulikana ilikutwa kwenye matukio zaidi ya 40 katika Ujerumani, Austria na Ufaransa, kuanzia wizi mdogo hadi mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichohusika na vijiti vya pamba vya kukusanyia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, lakini kutakasa huua vijidudu tu, DNA haiondoi. Kikulacho ki nguoni mwako, na wao kilikuwa kwenye mkoba wa vifaa vyao.

Nipite haraka kwenye mengine, si kwa kuwa hayana maana bali kwa kuwa hayamo katika kesi yako. Masalia ya baruti mikononi hutambulika kwa chembe zenye metali tatu kwa pamoja: risasi (madini ya ledi), bariamu na antimoni. Hupukutika ndani ya saa chache, na aliyesimama karibu na mpiga risasi huweza kuzibeba. Nywele kulinganishwa kwa hadubini pekee ni fani iliyopoteza heshima: mwaka 2015 FBI ilikiri kwamba ushahidi wa wataalamu wake ulikuwa na kauli za makosa katika angalau asilimia 90 ya kumbukumbu za kesi zilizopitiwa. Sumu ni ulimwengu wake peke yake. Na wadudu: jaji wa China Song Ci aliandika mwaka 1247 kuhusu kijiji ambako mtu aliuawa kwa mundu, hakimu akaamuru miundu yote iwekwe juani, na nzi wakatua kwenye mmoja tu. Mwenye mundu akakiri. Hata nzi wale walijibu swali dogo tu, la mundu upi una damu.

Simu sasa. Simu “kusoma mnara” maana yake ni kwamba kwa saa fulani ilihudumiwa na mnara ule. Mnara mmoja unaweza kuhudumia kilomita kadhaa, na simu haishiki lazima ule wa karibu zaidi. Mzigo wa mtandao, kilima au jengo huamua pia. Kwa hiyo kinachosemwa ni kwamba kifaa hiki kilikuwa ndani ya eneo lile pana. Mtu aishi eneo hilo hilo, uzi huo haubebi hata unyoya. Awe amewaambia polisi kwamba usiku ule alikuwa mji mwingine, uzi umekuwa mnene ghafla, na aliyeunenepesha ni yeye.

Ushahidi wa kidijitali una namna yake ya kumsaliti mtu. Dennis Rader aliua watu kumi mjini Wichita na maeneo ya karibu, Marekani, kati ya 1974 na 1991, akijigamba kwa barua. Mwaka 2005 alituma diski kwa kituo kimoja cha televisheni. Ndani yake mlikuwa na waraka uliofutwa, ambao kompyuta iliutunzia taarifa zake: jina la kanisa na jina “Dennis”. Alikuwa kiongozi wa baraza la kanisa hilo. Je, hiyo ilitosha? Polisi hawakufikiri hivyo. Walipata kwa amri ya mahakama sampuli ya hospitali ya binti yake, wakapima DNA, ikaonyesha kwamba aliyeacha vinasaba kwenye maeneo ya mauaji ni baba yake. Diski iliwaambia wamtazame nani, na damu ya ukoo ikawaambia hawakupotea.

Kuna jambo moja lisilo na utamu wa kusimulia ambalo huua kesi kuliko yote, nalo ni utunzaji wa kielelezo: nani alikichukua, saa ngapi, akampa nani, kililala wapi. Niliwahi kupokea bahasha ambayo fomu yake ilisema ina shati moja. Ndani mkawa na shati na soksi. Nikaandika nilichokikuta, nikapima vyote, nikafunga. Shati lilikuwa safi, damu ilikuwa kwenye soksi. Miezi kadhaa baadaye mahakama iliikataa soksi, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ilitoka mguuni mwa nani, na ilikuwa haki ikataliwe. Kipimo changu kilikuwa sahihi mpaka nukta ya mwisho, na hakikumfaa mtu.

Basi, kesi yako. Nikiwa sijaona jalada, siwezi kukwambia mahakama ilikosea au haikukosea. Naweza kukwambia ningeuliza nini. Mshtakiwa alisema nini kuhusu damu ile kabla hajajua imekutwa? Kama alikuwa mmoja wa waliokimbilia kumwinua marehemu, damu kiatuni inatarajiwa, na ya simu pia. Kama alisema hakuwahi kufika, mambo mawili yanamkana kwa pamoja.

Kisha ningetaka kuona doa lenyewe kwenye picha. Liko juu ya kiatu au kwenye soli? Soli hukanyaga damu hata saa moja baadaye. Ni la kupaka, kama kitambaa kilicholowa kimepita, au ni tone lenye ukingo kamili? Tone lililoanguka wima hukaa duara. Lililokuja kwa mshazari huwa yai, na urefu wake ukilinganishwa na upana hukupa pembe lilikotokea. Vitone vidogo vingi juu ya kidole cha kiatu huashiria mtu aliyekuwa karibu na pigo, ingawa majeruhi akikohoa damu hutoa vitone vinavyofanana navyo. Tone moja pekee halisemi mengi kati ya hayo. Na taarifa uliyonitumia inataja kiatu kimoja. Mtu huvaa viwili, kwa hiyo ningetaka kujua kama na cha pili kilifika maabara, na kilikutwa na nini.